Meza ya Mbwa

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. "Yaani mbwa naye anatengenezewa meza?"

Ndiyo, anatengenezewa. Mbao nimezitoa kwenye paleti kuukuu yenye mhuri wa HT, yaani iliyotiwa joto kuua wadudu. Yenye MB, iliyofukizwa sumu, nimeiacha. Nimekata matundu mawili, moja la sufuria ya ugali na dagaa, jingine la maji. Miguu nimeisimamisha ndani ya makopo ya maji, sisimizi wasipande. Kazi ya jioni moja tu.

Kicheko hakiniudhi. Kinachoniudhi ni huyohuyo jirani kulala fofofo kwa sababu mbwa wangu anakesha, kisha asubuhi aone ni haki mkeshaji huyo amwagiwe ukoko vumbini, ale na mchanga. Akipata minyoo, tunasema mbwa ndivyo walivyo.

Si wao. Ni sisi. Nasema sisi kwa sababu mbwa wangu wa kwanza nilimlisha chini miaka tisa, na nyundo ninayo ndani. Alikufa bila sahani. Wewe wako bado yu hai. Nyundo yangu njoo uazime.