Wakanda na Kanda ya Ziwa: Maoni Kuhusu Majina ya Majagina wa Katuni

Mwaka 2006 kampuni ya Marvel ya Marekani ilitoa toleo la 18 la mfululizo wa katuni uitwao Black Panther, uliokuwa ukiandikwa na Reginald Hudlin. Kisa chake ni harusi. T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda, anamwoa Ororo, mwenye uwezo wa kuamuru mvua na radi, ambaye mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Hata hivyo, toleo hilo halisimami peke yake. Limefungamanishwa na Civil War, kisa kirefu kilichotapakaa katika mifululizo mingi ya kampuni hiyo mwaka 2006 na 2007, ambamo majagina wa Marekani wanagombana juu ya sheria ya kuwalazimisha kujiandikisha serikalini. Captain America na Iron Man, wakuu wa pande hizo mbili, wote wamo miongoni mwa waalikwa. Utungo wa namna hii, unaomlazimu msomaji kuvuka kutoka mfululizo mmoja hadi mwingine ili apate kisa kizima, tutauita hapa kisa mtambuka, kwa kuwa neno mtambuka limekwisha kuzoeleka katika nyaraka zetu.

Mtaalamu wa Kiswahili anahusikaje na mambo haya? Ramani iliyochapishwa mwaka 2016, mfululizo ulipokuwa mikononi mwa Ta-Nehisi Coates, inaiweka Wakanda kando ya Ziwa Viktoria. (Zipo ramani nyingine zinazoipeleka karibu na Ziwa Turkana, nchi ya kubuni haina wapima ardhi.) Fauka ya hayo, jina la nchi hiyo limevaa sura ya Kibantu, na msomaji wa Mwanza, Bukoba au Musoma hana budi kulisoma kwa sarufi aliyonayo. Maoni yetu ni kwamba jina lisilokuwa na lugha nyuma yake humwacha mwenye jina bila kauli, na kwamba upungufu huo hudhihirika zaidi pale kisa mtambuka kinapohitaji watu wa kuumizwa.

Tuanze na Wakanda yenyewe. Tunasema Usukuma, Wasukuma, Kisukuma. Ukerewe, Wakerewe, Kikerewe. Kwa kanuni hiyo Wakanda ni watu, na nchi yao ingepaswa kuwa Ukanda. Hapo msomaji wa Mwanza hutabasamu, maana yeye anaishi Kanda ya Ziwa. Neno hilohilo likichukuliwa kuwa kitenzi katika wakati wa -a-, wakanda ni watu wanaoshughulika na unga. Mwanzilishi wa ufalme huo anaitwa Bashenga, ambaye kwa kiambishi ba- cha lugha nyingi za Maziwa Makuu anasikika kama washenga wetu. Si jina baya kwa ukoo wenye harusi. Zuri ni kivumishi kilichovuliwa kiambishi chake. Jabari limetufikia kutoka Kiarabu. Ororo, ambalo katuni hudai lina maana ya uzuri, kwa Kiyoruba ni mafuta.

Lakini jambo linalotukera zaidi ni ritifaa. T'Challa, T'Chaka, M'Baku, N'Daré: alama hiyo imenyunyizwa kama chumvi. Katika tahajia ya Kiswahili sanifu ritifaa ina kazi mahususi, nayo ni kutenganisha sauti ya ng' katika ng'ombe na ile ya ng katika ngoma. Kisukuma kinaitumia kwa kazi hiyohiyo, na Kijaluo pia, ingawa si lugha ya Kibantu. Katika M'Baku inakata mb, ambayo kila mtoto aliyewahi kutamka mbuzi huitamka bila msaada. Katika T'Challa haifanyi lolote. Ni alama ya kumwambia msomaji wa mbali kwamba hapa ni Afrika. Filamu ya Black Panther ilipotoka mwaka 2018 na kuonyeshwa Kisumu mwezi Februari, ritifaa yenye kazi haikuwa katika jina la mhusika hata mmoja kati ya hao tuliowataja, bali katika jina la mwigizaji, Lupita Nyong'o.

Filamu hiyo, tukiri, ilipiga hatua moja ambayo katuni haikuwahi kuipiga: iliwapa Wawakanda lugha halisi, isiXhosa, kwa sababu John Kani, aliyeigiza T'Chaka katika filamu ya mwaka 2016, ni mzawa wa lugha hiyo. Katika uainishaji wa Guthrie isiXhosa ni S41, Kisukuma ni F21 na Kikerewe ni E24. Umbali ni mkubwa, lakini undugu upo, na haukuanzia kwenye sinema. Wasukuma husimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na ng'ombe wao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito. Mtoto wake, Masala Kulangwa, ambaye jina lake hubeba maana ya mtu mwerevu mwepesi wa kuelewa, alikua, akaliua zimwi, akalipasua na kuwatoa waliomezwa. Wasotho wana Senkatana na zimwi lake Kgodumodumo, na kisa ni kilekile kwa mifupa yake. Nacho ni kisa mtambuka, kilichovuka lugha baada ya lugha pasipo kampuni yoyote kukimiliki.

Yafaa tukae kidogo na Masala Kulangwa. Katika masimulizi hayo, alipokuwa akilipasua zimwi, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi huyo hakushukuru kwa kuokolewa. Alikasirika, akataka kumdhuru jagina, na jagina ikambidi ashughulike naye mpaka ampoze. Hadithi iliyomwokoa kila mtu inasimama kwa ajili ya sikio moja.

Sasa tutazame Avengers vs. X-Men ya mwaka 2012, kisa mtambuka kingine cha Marvel. Katika toleo la 8, Namor, ambaye ugomvi wake ni na wengine, anaigharikisha Wakanda kwa wimbi. Katika toleo la 9, T'Challa anamwarifu Ororo, ambaye alikuwa upande wa pili wa ugomvi huo, kwamba ndoa yao imebatilishwa. Harusi iliyopambwa kwa ajili ya kisa mtambuka cha 2006 ikavunjwa kwa mahitaji ya kisa mtambuka cha 2012, na gharika ikawa daraja la kufikia hapo. Katika mwambao ambako MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, msomaji hawezi kuigeuza kurasa hiyo upesi namna hiyo. Makaburi ya Igoma yapo. Watu wa hapa wanajua kwamba baada ya maji hufuata majina, moja baada ya jingine, na vilio katika lugha za wenye majina hayo.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe alilijua hilo. Alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Watoto katika riwaya hiyo wanaitwa Ntulanalwo na Bulihwali, majina ambayo kwa Mkerewe ni kauli kamili zinazozungumzia kifo na majonzi. Kitereza alikuwa na lugha akakosa mchapishaji. Wakanda ina mchapishaji.

Yamkini wenzetu watasema kwamba katuni ni mchezo, na mchezo haudaiwi sarufi. Sisi hatukubali. J. R. R. Tolkien aliunda lugha kwanza, hadithi zikafuata, na hakuna anayesema kazi yake imepungukiwa na mchezo. Tena vijana wetu wanazisoma katuni hizi, na haitapita muda mrefu kabla mwanafunzi wa uzamili hajaomba kuifasiri mojawapo kwa Kiswahili kama sehemu ya tasnifu yake. Tungemshauri aandike Chala, Chaka na Mbaku, na ritifaa aiachie Shing'weng'we. Litamsalia tatizo moja ambalo hatutaki kumtatulia, la upatanisho wa kisarufi katika toleo lile la gharika: aandike Wakanda imezama, au Wakanda wamezama?