Ufa usomwe kabla ya kuzibwa
Methali inatuhimiza kuziba ufa, lakini kwenye nyumba za zamani za Arusha naomba tuusome kwanza. Ufa mwembamba wa lipu si neno. Unaopanda kama ngazi kwenye viungio vya matofali, mpana juu kuliko chini, mara nyingi unaonyesha msingi umetitia, na huku miteremkoni mwa Meru mshukiwa wangu wa kwanza ni maji: bati halina mfereji, masika ya Machi hadi Mei yanafika, maji ya paa zima yanamwagika mguuni mwa ukuta, udongo unalainika. Weka mfereji, andika tarehe kwenye ncha za ufa, subiri msimu upite. Ufa ukiendelea kurefuka, fundi achimbe aukague msingi. Wenye nyumba, nawasihi: kagueni kuta zenu kabla ya Machi.