Tajiri wa timu apewe mkataba, si makofi pekee

MASHABIKI wa soka wa Mkoa wa Mara wana kidonda ambacho hakijapona. Oktoba 2021 timu yao, Biashara United, iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 jijini Dar es Salaam katika Kombe la Shirikisho Afrika. Ilibaki mechi ya marudiano mjini Benghazi. Timu haikwenda. Safari ilikwama, mechi haikuchezwa, na Biashara United ikatolewa mashindanoni ikiwa inaongoza.

Msimu huo huo wa 2021/22 timu hiyo ilishuka daraja. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo ilikuwa imemaliza Ligi Kuu ikishika nafasi ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Ilikuwa imepanda mwaka 2018, na kwa misimu minne Uwanja wa Karume mjini Musoma ulipokea vigogo wa soka la nchi hii.

Msomaji anaweza kujiuliza, ukurasa wa biashara na kilimo unatafuta nini uwanjani? Jibu ni rahisi. Siku ya mechi kubwa Musoma, nyumba za wageni hujaa, mama lishe huongeza sufuria, waendesha bodaboda hupata abiria wa kutoka stendi, na sato wa ziwani huuzwa kabla jua halijazama. Mashabiki hutoka Bunda na Butiama wakiwa na fedha mfukoni. Timu iliposhuka, biashara hiyo nayo ilishuka.

Tangu wakati huo, katika vijiwe vya kahawa kuanzia Musoma mjini hadi Bunda, maneno yamekuwa ni yale yale: "Mara tungepata tajiri, haya yasingetokea." Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kutoka Musoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara, na timu isiyo na mfuko wa uhakika huanza msimu ikiwa imechoka.

Lakini kwa mtazamo wetu hoja hiyo haijafika mwisho. Swali la kwanza lisiwe tajiri ni nani. Liwe hili: tajiri huyo atadaiwa nini, na nani, na kwa tarehe gani? Bila majibu ya maswali hayo, timu inaweza kuwa na bilionea na bado ikalia njaa.

Tutazame Simba, klabu yenye mashabiki tele mkoani Mara. Desemba 2017 mfanyabiashara Mohammed Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni ya uwekezaji, kwa ahadi ya Sh bilioni 20 kwa hisa asilimia 49, huku wanachama wakibaki na asilimia 51. Matunda yalionekana. Simba ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21, na ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Kisha upepo ukageuka. Ubingwa ulikwenda Yanga, na Novemba 5, 2023 Simba ilifungwa na watani wao mabao 5-1. Msimu wa 2023/24 ilimaliza ya tatu na kukosa tiketi ya Ligi ya Mabingwa. Mashabiki walipaza sauti wakisema tajiri yuko kimya, usajili ni wa mashaka, na viongozi wanatupiana mpira. Juni 2024 wajumbe wa bodi upande wa mwekezaji walijiuzulu, na Dewji mwenyewe akarejea kuwa mwenyekiti wa bodi.

Tuwe wakweli kwa pande zote. Simba iliyosukwa upya ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2024/25. Kwa hiyo hatusemi kwamba mwekezaji hakutoa kitu. Tunachosema ni kwamba katika miezi ile ya manung'uniko shabiki wa kawaida hakuwa na karatasi ya kumwonyesha ni kiasi gani mwekezaji alitakiwa kutoa mwaka ule, ametoa kiasi gani, na kimetumika wapi. Penye pengo la hesabu huingia uvumi. Uvumi humwonea hata tajiri aliyetimiza wajibu wake.

Wala tusidhani ni tatizo la Afrika pekee. Wale wanaojazana vibanda umiza kutazama Ligi Kuu ya Uingereza wanaijua hadithi ya Newcastle United. Mike Ashley, tajiri wa maduka ya vifaa vya michezo, aliinunua mwaka 2007. Timu ikashuka daraja mwaka 2009 na tena mwaka 2016. Mashabiki walimlalamikia kwa miaka mingi kwamba anaitumia klabu kutangaza maduka yake huku akibana fedha za kuijenga. Waliandamana, wakasusia mechi, wakaimba aondoke. Aliondoka Oktoba 2021 kwa sababu moja tu: alipata mnunuzi. Klabu ilikuwa mali yake, na kelele za jukwaani hazina nguvu ya sheria.

Ujerumani waliliona hilo mapema. Kanuni yao inataka klabu mama, yaani wanachama, ibaki na zaidi ya nusu ya kura, isipokuwa kwa klabu chache zilizopewa msamaha. Tajiri anakaribishwa, lakini hawezi kuamka asubuhi akabadili kila kitu peke yake. Utaratibu wetu wa asilimia 51 kwa 49 unafuata njia hiyo hiyo. Upungufu wake ni kwamba asilimia 51 isiyoletewa hesabu ni namba ya kwenye karatasi tu.

Wakulima wa Mara hawahitaji kusafiri hadi Ujerumani kulielewa jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kilimo cha mkataba cha pamba kilianza kwa majaribio mkoani humu kabla ya kupelekwa kwingine Kanda ya Ziwa. Mwenye kiwanda cha kuchambua pamba alitoa mbegu na dawa kwa mkopo, wakulima wakiwa katika vikundi, na wao wakaahidi kumuuzia yeye. Dawa ikichelewa, mdudu hasubiri. Mkulima akiuza kwa mlanguzi, mwenye kiwanda hupata hasara. Kila upande ulikuwa na jambo la kudaiwa, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanzia pale mambo yalipokwenda kombo.

Hata viwanda vilivyobinafsishwa vinatufundisha. Miaka ya 2017 na 2018 Serikali ilivirejesha mikononi mwake baadhi ya viwanda ambavyo wawekezaji walishindwa kuviendeleza. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu mikataba ya mauzo ilikuwa na masharti. Je, klabu ya mpira ikitelekezwa, wanachama watarejesha nini, na kwa kifungu kipi?

Tunatoa mapendekezo manne kwa wadau wa soka wa Mara, iwe ni kwa kuifufua Biashara United au kwa kuijenga timu nyingine.

Kwanza, mkataba na mwekezaji utaje kiasi cha kila mwaka na tarehe ya kukitoa, si jumla moja kubwa ya kupigiwa picha. Useme pia kitakachotokea asipotoa: hisa zake zipungue, au wanachama wawe huru kutafuta mwingine.

Pili, kabla ya msimu kuanza, mwekezaji aweke benki fedha za usafiri wa msimu mzima katika akaunti isiyoguswa kwa jambo lingine. Timu ikipata nafasi ya kimataifa, bajeti ya safari ya nje na maandalizi ya vibali vianze siku hiyo hiyo. Machungu ya Benghazi yatoshe kuwa somo.

Tatu, hesabu zilizokaguliwa zisomwe kila mwaka katika mkutano wa wanachama na kubandikwa ukutani, kama vyama vya msingi vya ushirika vinavyotakiwa kuwaeleza wanachama wao mapato na matumizi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, wananchi wenyewe wanunue hisa ndogo ndogo. Tufanye hesabu ya mfano: watu 5,000 kutoka Musoma, Bunda na Butiama wakitoa Sh 20,000 kila mmoja kwa mwaka, ni Sh milioni 100. Fedha hizo haziendeshi timu ya Ligi Kuu, lakini zinawapa wenyeji kiti halali mezani, na tajiri atajua anaongea na wenye mali wenzake.

Hapa tunatoa tahadhari. Wapo watakaoshauri makato ya lazima kwenye kila kilo ya pamba ili kuichangia timu. Tunapinga. Fedha za mkulima ni za mbegu, dawa na ada ya shule ya watoto. Anayependa timu achangie kwa hiari yake na apewe risiti. Tukimkata asiyependa mpira, tutakuwa tumemfanyia yale yale tunayomlalamikia tajiri: kuamua juu ya mali ya watu bila kuwauliza.

Mashabiki nao wana wajibu. Anayeingia uwanjani kwa kuruka ukuta, au anayenunua jezi bandia, anajinyima haki ya kudai hesabu. Na anayetaka sauti yake isikike awe mwanachama aliyelipia kadi, maana kwenye mkutano mkuu hupiga kura mwenye kadi.

Fedha kwenye soka letu zipo. Mwaka 2021 Shirikisho la Soka Tanzania lilisaini na Azam Media mkataba wa haki za televisheni wa miaka kumi wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Kila msimu ambao Mara haina timu Ligi Kuu, mkoa unakosa sehemu yake ya fedha hizo, na Uwanja wa Karume unakosa wageni.

Kwa hiyo siku tajiri atakapobisha hodi Musoma, viongozi wasikimbilie kumvisha shada la maua. Wamkaribishe vizuri, wampe kiti na soda, kisha wamwekee mkataba mezani ausome na kuusaini mbele ya wanachama. Tajiri mwenye nia njema hataukataa. Atakayeukataa atakuwa ametuokoa na hasara mapema.