Kufa Kufaana: Fedha za Maafa si Hisani ya Mkubwa



Wahenga walituachia msemo mfupi wenye uchungu mwingi: kufa kufaana. Mmoja akifikwa na msiba, mwingine hufaidika. Hatukudhani kwamba siku moja msemo huo ungegeuzwa kuwa mtindo wa kutawala. Lakini tazameni jinsi nchi yetu ilivyoshughulikia maafa, tangu mvua za El Nino za 1997 hadi mafuriko ya 2024, kisha mtuambie kama tunatia chumvi.

Mwenendo ni ule ule. Mvua hunyesha, mto huvunja kingo zake, watu hufa. Baada ya siku chache mkubwa hushuka kwa helikopta, akiwa amevaa gambuti mpya. Magunia ya unga hupangwa mbele ya kamera. Mabilioni hutajwa. Wenye njaa hupiga makofi, kwa sababu mwenye njaa hana la kuchagua. Kisha maji hupungua, kamera huondoka, nalo daraja hubaki mtoni likiwa limelala ubavu. Msimu unaofuata mama mjamzito huvushwa mto huo huo mgongoni mwa kijana, na hakuna anayekuja kupiga picha.

Hoja yetu ni moja, nasi tunaitamka wazi: fedha za kujenga upya baada ya maafa ni mali ya wananchi waliofikwa na maafa hayo. Si sadaka, si zawadi, wala si hisani ya kiongozi yeyote. Na mwenye mali ana haki ya kusomewa hesabu.

Mvua zilizoanza Oktoba 1997 ziliiharibu barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa, zikasomba madaraja, na zikachangia hata kuvuruga uchaguzi wa Desemba, ambapo upigaji kura ulilazimika kuendelea hadi siku ya pili. Tukaambiwa kwamba taifa limeshtukizwa. Novemba 2019 maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 50 katika Pokot Magharibi. Tukaambiwa tena kwamba tumeshtukizwa. Mwaka 2023 Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilitahadharisha mapema juu ya El Nino, na bado kufikia mwisho wa mwaka zaidi ya watu 100 walikuwa wamezikwa. Alfajiri ya 29 Aprili 2024 maji yaliyokuwa yamezuiwa na uchafu katika mtaro upitao chini ya tuta la reli yalipasuka juu ya Mai Mahiu, yakaua zaidi ya watu 40. Kote nchini, mvua za msimu huo ziliua zaidi ya watu 200. Je, mtu hushtukizwa mara ngapi na mgeni anayekuja kila mara kwa mlango ule ule?

Tarehe 10 Mei 2024 tulipewa siku ya mapumziko ili tuomboleze na kupanda miti. Tuliomboleza, na miti tuliipanda. Lakini siku ya kusomewa hesabu hatujatangaziwa kamwe.

Wasituambie kwamba hakuna sheria. Kifungu cha 208 cha Katiba kimeunda Hazina ya Dharura ya taifa, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeruhusu hazina hiyo kuwa na mtaji usiozidi shilingi bilioni 10. Sheria hiyo hiyo inaziruhusu kaunti kuanzisha hazina zao za dharura na kutumia kwa mwaka kiasi kisichozidi asilimia 2 ya mapato yao. Waziri wa Fedha hupewa uhuru wa kutoa fedha kwanza na kuomba idhini ya Bunge baadaye, mradi aiombe ndani ya miezi miwili. Uhuru huo ni wa haki, maana mtu anayezama hawezi kungoja kikao. Lakini uhuru wa kutumia kwanza ulikuja pamoja na wajibu wa kueleza baadaye. Wakubwa wetu wameushika uhuru kwa mikono miwili, na wajibu wameuacha usombwe na maji.

Wala wasituambie kwamba hawajui kazi hii ni ya nani. Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi kazi ya kushughulikia maafa kwa serikali kuu na kwa serikali za kaunti pia. Waliotunga Katiba walikusudia mikono miwili ibebe mzigo mmoja. Kilichotokea ni kwamba kila mkono unauelekeza mzigo kwa mwenzake. Mwishoni mwa 2023, watu wakiwa juu ya mapaa ya nyumba zao, magavana na serikali kuu walikuwa wakibishana juu ya nani amepewa fedha na nani hajapewa. Baadaye wabunge na magavana wakavutana hadi mahakamani juu ya shilingi bilioni 10.5 za kutengeneza barabara. Mwananchi ambaye barabara yake imekatika hakuulizwa lolote katika kesi hiyo. Fahali wawili walipigana, nyasi zikaumia, na mto ukaendelea kula kingo.

Tunajua majibu watakayotupa. La kwanza ni kwamba wakati wa dharura hakuna nafasi ya makaratasi. Tunajibu: tenganisheni uokoaji na ujenzi. Uokoaji ni wa saa na siku, na hakuna mwenye akili anayedai zabuni kabla ya mashua kuingia majini. Lakini daraja, zahanati na tuta la mto hujengwa kwa miezi. Katika miezi hiyo hakosekani mtu wa kusimamisha kibao kinachoeleza bei ya kazi, jina la mkandarasi na tarehe ya kumaliza. Neno "dharura" likiendelea kutumika mwaka mzima baada ya maji kukauka, hilo si dharura tena bali ni pazia. Tuliona kilichokuwa nyuma ya pazia hilo mwaka 2020, wakati wa korona, Mkaguzi Mkuu wa Fedha za Umma alipofichua kasoro katika ununuzi wa dawa na vifaa wenye thamani ya shilingi bilioni 7.8. Wauguzi walikuwa wakililia barakoa, na wengine walikuwa wakihesabu faida.

Jibu la pili ni kwamba tusiingize siasa katika msiba. Siasa iliingia zamani, nasi hatukuileta. Tunaikumbuka enzi ya chama kimoja, wakati kadi ya chama ilipokuwa kama cheti cha kuishi. Tulipigania vyama vingi, na Kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, ili haki ya raia isitegemee mapenzi yake kwa mtawala. Ikiwa leo gunia la unga hutolewa kwa jina la kiongozi, na daraja hujengwa kwanza katika eneo lililompigia kura, basi kadi ile imerudi kwa sura nyingine. Mwaka 2024 familia zilizoambiwa zihame kingo za mito ya Nairobi ziliahidiwa shilingi 10,000 kila moja. Fedha hizo hulipa kodi ya chumba kwa miezi michache. Haziwezi kurudisha duka, vitabu vya shule, wala shamba lililogeuka mchanga.

Basi tufanye nini? Waumini wanaikumbuka habari ya Nehemia. Kabla ya kuinua jiwe hata moja, aliuzunguka ukuta wa Yerusalemu usiku akikagua palipobomoka. Kisha ikaandikwa, mlango kwa mlango, ni nani aliyejenga sehemu gani. Naye, ingawa alikuwa liwali kwa miaka 12, alikataa kula posho ya liwali kwa kuwahurumia watu waliolemewa. Ukaguzi, orodha, na kiongozi asiyekula: hayo matatu ndiyo tunayoyadai.

Kila parokia, kila ushirika, kila kikundi cha mageuzi kiwe na daftari. Andikeni kilichobomoka, siku kilipobomoka, ahadi iliyotolewa na aliyeitoa. Kisha tumieni Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andikeni barua kwa ofisi ya kaunti na kwa wizara, mkiuliza ni shilingi ngapi zilizotolewa kwa daraja lenu na nani aliyezipokea. Sheria inawapa siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, pelekeni malalamiko kwa tume iliyopewa mamlaka ya kuisimamia sheria hiyo. Nendeni katika vikao vya bajeti, mkiwa na daftari mkononi. Na mwisho, wakumbusheni maafisa Kifungu cha 226, kinachosema kwamba afisa anayeidhinisha fedha za umma zitumiwe kinyume cha sheria atailipa hasara hiyo yeye mwenyewe, hata akiwa ameshaondoka ofisini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga ukuta huo huo mara nyingi, kwa kodi zetu na kwa makaburi yetu. Mvua zitarudi, kwa maana kurudi ndiyo kazi yake. Zitukute na hesabu mkononi, si na bakuli.