Utafiti wa kipindupindu urudi kwetu kwa Kiswahili

Kila mama wa Uvira anajua: robine ikikauka, watu wanachota maji ziwani na kuhara kunafuata. Mwaka 2015 jarida la PLoS Medicine lilichapa utafiti uliothibitisha hayo kwa hesabu za hapa kwetu: baada ya siku bila maji ya bomba, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka zaidi ya mara mbili katika siku 12 zilizofuata. Mwaka 2024, The Lancet Infectious Diseases ilichapa utafiti mwingine wa Uvira, jina la kwanza likiwa la Mkongomani, Espoir Bwenge Malembaka. Ulionyesha kwamba dozi moja ya chanjo inapunguza hatari kwa karibu nusu.

Tunajivunia. Lakini yote yameandikwa kwa Kiingereza.

Kabla ya kutuma andiko kwa jarida, watafiti hupanga majina ya waandishi, hueleza nani alifanya kazi gani, na huonyesha kibali cha kamati ya maadili. Naomba waongeze ukurasa mmoja: muhtasari wa Kiswahili, kisha usomwe redioni, kwenye vituo vya afya na kwenye kambi.

Wengine watasema raia hawataelewa takwimu. Mbona walielewa maswali walipoulizwa? Basi wataelewa na majibu.

Familia iliyofika jana ikikimbia vita inahitaji kujua leo: hata ukichanjwa, maji ya ziwa yatie dawa au yachemshe kwanza.