Kazi za informatiki Mashariki: CV ya zamani haifunguwi tena mulango

Kwa miaka mingi, kijana wa Goma, Bukavu, Beni ao Bunia aliyesoma informatiki alikuwa na njia moja yenye kujulikana. Anamaliza chuo, anafanya staji, kisha anaingia katika shirika la musaada kwa kontra ya miezi mitatu ao sita. Kontra ikiisha, proje ingine inaanza, na jina lake liko tayari katika telefone ya mukubwa wa kazi. CV ilikuwa karatasi ya kukamilisha dosie tu. Tangu mwaka 2025 ile njia imekuwa nyembamba sana, na wanaoumia zaidi ni wale watu wanaita makonsultanti: wanaolipwa kwa kazi moja moja, bila mushahara wa kudumu na bila kuandikishwa kwenye CNSS.

Feza na vita kwa mara moja

Mambo mawili yalifwatana ndani ya wiki chache. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha musaada wa Marekani kwa inchi za kigeni kwa siku 90, ili uchunguzwe. Proje nyingi hazikurudi tena, na tarehe 1 Julai mwaka ule USAID ilifunga kazi zake. Kwa Congo lile lilikuwa pigo kubwa: katika mwaka 2024, Marekani ilibeba karibu asilimia 70 ya feza za musaada wa kibinadamu katika inchi.

Wakati huo huo, mwisho wa Januari 2025, M23 iliingia Goma, na katikati ya Februari ikaingia Bukavu. Mabenki yakafunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, mashirika mengi yakapeleka watumishi wao mbali ao yakapunguza kazi. Katika Kivu ya Kusini, MONUSCO ilikuwa imekwisha kuondoka tangu mwisho wa Juni 2024, na kontra za ufundi zilizokuwa zikiifwata zikaisha nayo.

Mutu wa informatiki alipigwa haraka sababu kazi yake inafwata proje kama kivuli. Kutengeneza fomu za KoboToolbox za kuandikisha familia za wakimbizi, kusafisha orodha za watu watakaopata feza kwa telefone, kuchora karte kwa QGIS, kusimamisha intaneti katika ofisi ya fasi ya mbali: yote hii inahitajika kama kuko mugawo. Mugawo ukisimama, hakuna orodha ya kutengeneza. Matokeo yake, watu wengi wenye masomo moja, staji moja na CV moja wanangoja kwenye mulango mumoja.

Hapa inapashwa kusemwa wazi: CV nzuri haizali kazi pale ambapo hakuna feza. Inaweza tu kumusogeza mutu mbele katika mustari, na kumufungulia mustari mwingine ambao hakuwa akiuona.

Ushahidi unaopotea

Shida ya kwanza haiko ndani ya maandishi ya CV. Iko kwa wale wanaopashwa kuyashuhudia. Konsultanti anaandika kama alitumika na shirika fulani tangu 2021 hadi 2024. Muajiri mupya anapiga telefone, namba haipiti. Anaandika kwa anwani ya mukubwa wa zamani, barua inarudi sababu ofisi ilifungwa na ile anwani imezimwa. Kazi ilifanyika kweli, lakini hakuna wa kuisema.

Sheria ya kazi ya Congo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamulazimisha muajiri kumupatia mutumishi hati kontra ikiisha: kazi gani alifanya, tangu lini hadi lini. Lakini ile sheria inalinda mwenye kontra ya kazi. Konsultanti anahesabiwa kama mutu anayejitegemea, na wengi wanagundua hivyo wakati wamechelewa. Kwa yeye, hati inatoka tu kama iliandikwa ndani ya kontra ao kama aliiomba mapema.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta wakubwa wa zamani mahali walipo sasa: Kinshasa, Nairobi, Dakar, Geneva. Wengi bado wako kwenye WhatsApp ao LinkedIn. Mutu anaomba barua fupi yenye tarehe, jina la kazi na matokeo, pamoja na anwani ya barua-pepe ya mutu binafsi, sababu ile ya ofisi inaweza kufa. Kontra za zamani, hati za malipo na diplomi zinapigwa picha safi na kuwekwa fasi mbili, kwa mufano kwenye Google Drive na kwa ndugu anayekaa muji mwingine. Waliokimbia Goma na mukoba mumoja wanajuwa bei ya karatasi iliyobaki nyumbani.

Mustari mumoja unaosema kazi

CV nyingi za kwetu zinaanza na nusu ya ukurasa juu ya mutu mwenyewe: jina la baba na mama, jimbo, teritware na groupement ya asili, hali ya ndoa, hesabu ya watoto. Kwa kazi ya informatiki, hakuna hata kimoja kinachosaidia. Kwa upande wa Mashariki kuko hatari tena: asili ya mutu inaweza kumufungia mulango mbele ya kusomwa, na CV inayozunguka katika vikundi vya WhatsApp inafika kwa watu asiowajuwa. Jina, muji anaokaa, telefone, barua-pepe na luga anazosema zinatosha. Namba ya karte ya kuchaguwa na anwani ya nyumba zibaki nje.

Kisha inakuja kazi yenyewe. Wengi wanaandika «Gestionnaire de base de données, 2022–2024» na kupita. Msomaji hajuwi kama mutu yule alisimamia watu kumi na wawili ao alikuwa akiingiza majina tu. Mufano wa mustari unaosema kazi ni huu: «Nilitengeneza fomu 5 za KoboToolbox kwa kuandikisha familia 3 000, nikafundisha wachunguzi 12, nikaondoa majina yaliyoandikwa mara mbili mbele ya malipo.» Kuko chombo, hesabu, na faida kwa shirika. Kila mutu aweke hesabu zake za kweli; anayeongeza sifuri ataulizwa mu interview namna gani aliifanya.

Hakuna CV moja ya kutuma fasi zote. Ofa ikiomba SQL, Power BI na kusimamia rezo, yale maneno yanapashwa kuonekana katika CV jinsi yalivyoandikwa katika ofa, kama mutu anayafahamu kweli. Mashirika makubwa yanapokea maombi kupitia mutandao, na pengine programu ndiyo inachunguza ya kwanza. Masanduku, rangi na mistari miwili kando kwa kando vinaweza kuivuruga. Kurasa mbili, maandishi ya kawaida, PDF yenye jina la mutu: inatosha. Kwa Umoja wa Mataifa na mashirika ya kimataifa, nakala ya Kiingereza iwe tayari kando ya ile ya Kifaransa.

Miezi bila kazi isifichwe. «2025: kuhama juu ya vita, masomo ya kibinafsi ya Python, kutengeneza ordinateri za duka mbili» ni jibu la kweli, na muajiri wa hapa analielewa.

Onyo moja liko la lazima. Kuonyesha kazi ni vizuri, lakini si kwa orodha za kweli. Konsultanti anayefunguwa faili ya wakimbizi ili aonyeshe ufundi wake anaweka majina, vijiji na namba za telefone za watu mikononi mwa yeyote. Atengeneze orodha ya mufano, yenye majina ya kubuni.

Milango mingine

Ofa za mashirika bado zinatoka, chache, kwenye ReliefWeb na mediacongo.net, na ONEM inaandikisha wanaotafuta kazi. Lakini anayengoja pale tu anabaki katika mustari ule ule.

Mustari mwingine ni migodi. Kibali katika Haut-Uele na Bisie katika Walikale, pamoja na kampuni za Kolwezi na Lubumbashi, zinahitaji rezo, kamera, programu za depo, ufundi wa ordinateri. Sheria ya Februari 2017 inaweka kazi ambazo kampuni kubwa zinapatia kampuni ndogo mikononi mwa zile ambazo Wacongomani wako na sehemu kubwa ya mali, chini ya uangalizi wa ARSP. Kwa upande ule CV pekee haitoshi: inahitajika kampuni yenye RCCM, namba ya kodi na kujiandikisha kwenye ARSP. Kwa mutu mumoja ni gharama kubwa. Watatu ao wane wakiungana, mumoja wa rezo, mumoja wa programu, mumoja wa hesabu, wanaweza kuibeba.

Kuko tena wale hawaandiki ofa hata siku moja: hospitali, masomo, koperative za kahawa na kakao, depo za dawa, maduka makubwa ya Butembo. Mwenye duka hasomi CV. Anasikiliza mutu anayemwambia: «Stoki yako inapotea sababu unaandika kwenye daftari, nipe wiki mbili nikuonyeshe.» Bei inapashwa kukubaliwa kwa maandishi, sehemu ya kwanza ikalipwa mbele, na njia ya malipo ikajulikana, sababu fasi mabenki yamefunga, kutoa feza kwenye telefone kunakula sehemu ya mushahara.

Wanaouza kazi

Wakati wa njaa ya kazi, matapeli nao wanafanya kampanye. Ofa inakuja na nembo ya shirika kubwa, mushahara wa ajabu, na mwisho wake ombi la dola 20 za «dosie» kwa M-Pesa ao Airtel Money. Umoja wa Mataifa hauombi feza katika hatua yoyote ya kuajiri. Ofa isiyopatikana kwenye mutandao wa shirika lenyewe, ao inayotoka kwa anwani ya Gmail, iachwe. Na aliyekwisha kutuma kopi ya karte yake kwa watu wale awapashe habari marafiki, sababu jina lake linaweza kutumiwa kwa kudanganya wengine.

Sehemu ya mambo haya haiko mikononi mwa vijana. Amani, kufunguliwa kwa mabenki na kurudi kwa wafadhili vinaamuliwa mbali na wao. Lakini mashirika yanayofunga ofisi yanaweza kufanya jambo moja lisilowapotezea makuta: kumupatia kila konsultanti hati yenye tarehe na kazi aliyofanya, hata kama sheria haiwalazimishi. Na konsultanti ambaye kontra yake inaisha mwezi huu aiombe leo, wakati mukubwa wake bado anajibu telefone.