FUNDI ANAJIBU: GPS ya pikipiki, umeme wake na njia zake



Mwezi huu tunajibu mama mmoja wa Mangobo, hapa Kisangani. Anatuandikia hivi: «Papa Fundi, bwana yangu iko motari. Anapelekaka dawa na chanjo kwa kituo cha afya, ngambo ya Bafwasende. Alinunua GPS ya mukono wa pili. Leo inazima njiani, kesho pikipiki yenyewe haiwaki. Na njia ambayo rafiki yake alimupatia haionekani mule ndani. Wiki iliyopita alipotea, akalala pori, barafu ikaisha na chanjo zikaharibika. Tuuzishe hii kitu?»

Mama, musiuzishe kwanza. Chanjo zilizoharibika ni watoto waliorudi nyumbani bila sindano, kwa hiyo jambo hili si la mchezo. Lakini kosa si la chombo. Kosa liko katika nyuzi na katika faili, na yote mawili yanatengenezeka.

Kwanza tuelewe chombo. GPS haina haja ya rezo ya telefone. Inasikiliza satelite zinazozunguka dunia kwenye urefu wa kilometa 20,200 hivi, na ikisikia nne inajua iko wapi. Mpaka mwaka 2000 Waamerika walikuwa wanaharibu kidogo alama za raia kwa kusudi, na mtu aliweza kukosea mita 100. Mwezi wa tano mwaka ule waliacha, na leo kosa ni mita chache tu mahali pa wazi. Chini ya miti mikubwa ya pori letu alama inapungua. Ukiona mshale unarukaruka, simama mahali penye mwanga, ungoja kidogo.

Umeme

Batri ya pikipiki ni volti 12. GPS nyingi na telefone zinakula volti 5. Mwenye kuunga nyuzi moja kwa moja anaunguza chombo. Lazima kuwe kipunguza umeme katikati, kile kidogo chenye tundu la USB, kinachouzwa sokoni. Fanya hivi:

1. Ondoa uzi mweusi wa batri kwanza, kazi ikiisha uurudishe mwisho.

2. Uzi mwekundu wa kipunguza uweke fyuzi ya ampea 3, karibu kabisa na batri. Uzi ukichunika na kugusa chuma, fyuzi ndiyo itakufa. Bila fyuzi, uzi utawaka chini ya tangi la mafuta.

3. Usichukue umeme kwenye uzi wa taa kubwa. Kwa pikipiki nyingi ndogo, taa inakula umeme unaotoka moja kwa moja kwa mashine, unaopanda na kushuka pamoja na gesi. Hapo ndipo GPS inazima na kuwaka. Mama, nafikiri ndilo tatizo la kwanza la bwana yako.

4. Chukua umeme kwenye uzi unaopita kwa kontakti, ili ukitoa ufunguo GPS nayo ikatike. Hilo ni tatizo la pili. Tuhesabu pamoja: chombo cha volti 5 na ampea 2 kinakula wati 10, ni kama ampea 1 kutoka batri ya volti 12. Batri ya pikipiki ndogo mara nyingi ni ya ampea-saa 5 mpaka 7. Ukiacha GPS inakula usiku kucha, asubuhi batri ni maiti.

5. GPS nyingine ukiichomeka kwa kebo ya kawaida inafikiri iko kwa kompyuta, inaacha kuonyesha karta. Hiyo inataka kebo yake yenyewe ya pikipiki au ya gari.

Funga nyuzi zisiguse mashine ya moto wala usukani unapogeuka. Mvua yetu munaijua: funika tundu na plastiki, lakini acha chini nafasi maji yatoke.

Njia

Sasa njia ya rafiki. Kuna vitu vitatu ambavyo watu wanachanganya. Cha kwanza ni nukta: mahali pamoja, kama kivuko au kituo cha afya. Cha pili ni nyayo: nukta mamia au maelfu ambazo chombo kiliandika pale mtu alipopita kweli. Cha tatu ni njia ya kuhesabiwa: nukta chache tu, na GPS yako inatafuta yenyewe barabara katikati yake, kwa kufuata karta yake. Kwa Ulaya hii ya tatu ni nzuri. Kwa sisi, karta ya ndani ikikosa kile kijia cha pori, GPS itakupeleka kwingine au itakataa. Kwa hiyo mwambie rafiki: «Unipatie nyayo, si njia ya kuhesabiwa.» Nyayo zinasema: hapa mwenzako alipita na pikipiki.

Rafiki atoe nyayo katika faili ya aina ya GPX. Telefone nyingi na GPS nyingi zinaelewa lugha hiyo. Kisha chomeka GPS kwa kompyuta kwa kebo inayopitisha habari, maana kebo nyingine za soko zinapitisha umeme tu. GPS itaonekana kama flashi. Kwa zile za Garmin, fungua folda ya Garmin, halafu ya GPX, weka faili humo, toa chombo kwa utaratibu. Kisha kwenye GPS yenyewe, tafuta orodha ya nyayo au ya safari na uingize faili hiyo. Wengi wanasahau hatua hii ya mwisho, wanasema haikuingia, kumbe iko inalala ndani.

Kama hamuna kompyuta, telefone inatosha. OsmAnd na Organic Maps zinafungua GPX na zinafanya kazi bila rezo, mradi umeshusha karta ya Kongo ukiwa bado mjini. Faili inatumwa kwa WhatsApp au kwa Bluetooth.

Mukiandika nukta kwa mkono, angalieni sana. Mimi mwenyewe nilishakosea hapa. Kisangani iko karibu na digri 0 na dakika 31 Kaskazini. Dakika 31 si 0.31! Unagawanya 31 kwa 60, unapata 0.5167. Mwenye kuandika 0.31 anakosa kwa kilometa 23 hivi. Na ukiandika Kusini mahali pa Kaskazini, unaruka ngambo ya Ikweta, kilometa 115. Ubundu iko Kusini, Kisangani na Banalia ziko Kaskazini: herufi moja tu inabadilisha yote.

Si kitu cha wazungu tu

Tangu 2009 watafiti wa IPIS, kituo cha Antwerp kule Ubelgiji, pamoja na wenzao Wakongomani, wanazunguka machimbo ya mashariki ya Kongo na GPS, na wamekwisha kuandika zaidi ya mahali 2,000. Na Ebola ilipotokea Likati, Bas-Uele, mwaka 2017, pikipiki ndizo zilifika pale gari lilishindwa, na watu wa kujitolea wa mbali walichora vijiji kwenye karta ya OpenStreetMap ili timu zijue pa kwenda.

Lakini hekima inahitajika. Nyayo zinazokwenda kwenye shimo la dhahabu zinamwonyesha mwizi mlango. Usizitume kwa kila mtu, na za zamani zifute. Tena GPS haijui kwamba daraja lilianguka jana. Uliza wenyeji kila kijiji, kama baba zetu walivyofanya.

Na wewe mama, kabla bwana hajaondoka, aandike kwa karatasi majina ya vijiji, namba za PK, na siku ya kurudi. Karatasi ibaki nyumbani. Siku ikipita, utajua wa kuuliza, na uanzie wapi. Chombo kinamwongoza yeye tu. Karatasi inawaongoza wale watakaomtafuta.

Atengeneze nyuzi Jumamosi, ajaribu mpaka Banalia na kurudi bila mzigo, ndipo achukue chanjo. Utuandikie matokeo, tutayasoma kwa furaha.

Mungu alinde wote walio njiani. Tutaonana mwezi ujao.

Fundi wenu